Waya, Betri na Mtu Aliyefundishwa: Redio ya Ridhaa na Mawasiliano Wakati wa Maafa

Utangulizi

Tuchukue mfano wa kata ya Chilangala, katika Wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Mvua imenyesha usiku kucha. Kulipopambazuka, barabara ya kwenda Newala mjini imekatika kwenye mteremko. Mnara wa simu umezimika, kwa kuwa umeme haupo na gari la kupeleka mafuta ya jenereta haliwezi kupita. Mganga wa zahanati ana mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitali ya wilaya kabla ya jua la adhuhuri. Mkononi anayo simu nzuri, yenye chaji na salio la kutosha. Kwa saa hiyo simu ile haina kazi nyingine ila ya tochi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini sehemu zake si ngeni kwa wakazi wa kusini. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, kikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na mikoa yetu ya kusini ilikuwa imekwisha kupewa tahadhari. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu karibu na kisiwa cha Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Abiria walikwama pande zote mbili.

Tofauti kati ya mwaka 1952 na miaka yetu ni kubwa. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa hukifuata kimbunga kwa setilaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Kinachobaki ni swali jingine: je, habari itafika mpaka kijiji cha mwisho, na je, jibu la kijiji litarudi? Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kulijibu swali hilo, nayo ni redio ya ridhaa. Yanakusudia pia kumwonyesha mwalimu wa sekondari kwamba njia hiyo inaweza kufundishwa shuleni kwa gharama ndogo, na kwamba jambo gumu ndani yake silo lile ambalo wengi hulidhania.

Kwa nini simu hunyamaza

Watu wengi hufikiri kwamba simu ya mkononi huzungumza na simu nyingine moja kwa moja. Sivyo. Simu ni redio ndogo yenye nguvu hafifu, inayozungumza na mnara tu. Mnara nao huunganishwa na mitambo ya kampuni kwa waya wa nyuzi za kioo au kwa mnara mwingine, na mitambo hiyo ndiyo inayoamua sauti iende wapi. Hata watu wawili walioketi chini ya mkorosho mmoja, wakipigiana simu, sauti zao huondoka pale, husafiri mbali, kisha hurudi.

Mpangilio huu ni kama mnyororo. Siku za kawaida una faida kubwa, maana mtu wa Chilangala huweza kuzungumza na ndugu yake wa Muscat au London. Lakini mnyororo hukatika kwenye pete iliyo dhaifu kuliko zote. Umeme ukikatika, betri za mnara zikaisha, au waya uliofukiwa kando ya barabara ukachukuliwa na maji, mnyororo wote hauna faida. Tena maafa yana tabia ya kukata pete nyingi kwa pamoja, na wakati huohuo kila mtu hutaka kupiga simu.

Redio ya ridhaa haina pete za katikati. Ina ncha mbili tu: mtu wa huku na mtu wa kule, kila mmoja na mtambo wake, betri yake na waya wake. Wazee wetu waliifahamu kanuni hii katika simu za upepo zilizotumiwa na polisi, misheni na hospitali za mbali, kabla minara haijaenea.

Redio ya ridhaa ni nini

Neno ridhaa tumelizoea katika michezo. Mwanamasumbwi wa ridhaa ni yule anayepigana bila malipo. Vivyo hivyo, mrusha redio wa ridhaa, ambaye katika makala haya tutamwita mwanaridhaa, ni mtu aliyejifunza, akapewa leseni, na anayerusha mawimbi kwa ajili ya kujielimisha na kuwasiliana na wenzake bila kutafuta fedha. Kila mwanaridhaa ana alama yake ya wito. Herufi za mwanzo za alama hiyo huonyesha nchi. Kabla ya Uhuru, Tanganyika ilitumia VQ3 na Zanzibar VQ1. Leo alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z na za Uganda 5X.

Historia ya wanaridhaa ina funzo. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wataalamu waliamini kwamba mawimbi marefu ndiyo yafikayo mbali. Kwa hiyo sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake, yaliyodhaniwa kuwa hayana faida. Wanaridhaa hawakulalamika sana, wakayapima. Mwezi Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, walizungumza kwa alama za Morse kuvuka bahari ya Atlantiki kwa wimbi la yapata mita 100. Makombo waliyoachiwa yakawa chakula kikuu cha mawasiliano ya dunia.

Mwaka 1925 wanaridhaa wa nchi mbalimbali walikutana Paris na kuunda umoja wao wa kimataifa, unaojulikana kwa kifupi IARU. Umoja huo umechagua masafa ambayo wanaridhaa wa Afrika na Ulaya hukutanikia wakati wa maafa. Miongoni mwake ni kilohezi 3,760 na kilohezi 7,110, na hayo mawili ndiyo yatakayotufaa zaidi hapa.

Kazi yao wakati wa msiba ilionekana wazi mwezi Desemba 2004. Kikundi cha wanaridhaa wa India, pamoja na Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kwa mawasiliano ya kawaida ya ridhaa. Tarehe 26 tetemeko na tsunami vilivipiga visiwa hivyo. Simu zilipokatika, mitambo ile iliyoletwa kwa ajili ya kujifurahisha ndiyo iliyopeleka bara habari za walionusurika na maombi ya msaada. Jambo la kutia maanani ni kwamba hawakuanza kujifunza siku ile. Walikuwa wamekwisha kujua.

Fizikia ya njia mbili

Wimbi la redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa marudio katika vitabu vya fizikia, na masafa katika lugha ya sheria na mitambo. Uhusiano wake ni ule tuujuao: mwendo ni sawa na marudio mara urefu wa wimbi. Kwa hiyo wimbi la megahezi 7.1 lina urefu wa mita 42 na ushei, na lile la megahezi 145 lina urefu wa mita 2 hivi.

Mawimbi haya mawili hupita njia tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni ya mstari mnyoofu. Wimbi la megahezi 145 hupita karibu kama mwanga wa tochi na huzuiwa na mviringo wa dunia. Umbali wake mkubwa kabisa, kwa kilomita, hupatikana kwa kuzidisha 4.12 kwa jumla ya vipeuo vya pili vya kimo cha antena zote mbili, kwa mita. Tuseme antena mbili zimesimama kwenye nchi tambarare, kila moja mita 4 juu ya ardhi. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Basi 4.12 × (2 + 2) ni kilomita 16 na nusu.

Sasa tupande ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Uwanda huu umeinuka upande wa magharibi, ambako sehemu zake za juu hukaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, kisha hushuka polepole kuelekea pwani. Chini ya ukingo huo nchi huanguka ghafla. Tuseme antena ya ukingoni imezidi nchi ya chini kwa mita 400, na mwenzake wa bondeni ana antena ya mita 4. Hesabu yake ni 4.12 × (20 + 2), yaani karibu kilomita 91. Kutoka Newala mjini hadi Masasi, kwa mstari mnyoofu, ni kilomita zipatazo 58. Kimo ambacho kwa vizazi vingi kimewatesa akina mama kwa kuwashusha bondeni kutafuta maji, kwa mwanaridhaa ni mnara uliojengwa bila saruji.

Hata hivyo, hesabu hii ina masharti. Yule aliye ndani ya uwanda, mbali na ukingo, hufichwa na ardhi ya uwanda wenyewe; hana budi kumtegemea mwenzake wa ukingoni ampokelee ujumbe na kuusukuma mbele. Vilevile majabali makubwa ya Masasi hutupa kivuli cha redio nyuma yake. Kabla ya maafa, si wakati wa maafa, ndipo vivuli hivyo vinapopaswa kutafutwa na kuchorwa kwenye ramani.

Njia ya pili ni ya kupitia juu. Kuanzia kimo cha kilomita 60 hivi hadi mamia ya kilomita, miali ya urujuanimno ya jua hung'oa elektroni kutoka katika atomi za hewa. Eneo hilo huitwa ionosfia, na elektroni zake hulipinda wimbi na kulirudisha duniani, mradi marudio yake yasizidi kiwango fulani. Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwake kwa majaribio ya mwaka 1924 huko Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Tukilirusha wimbi la megahezi 7.1 karibu wima, litagonga tabaka la juu na kurudi kama mvua, likianguka pande zote kwa kilomita mia kadhaa. Mlima hauzuii kitu, kwa kuwa wimbi linatoka juu. Tuchukue kimo cha tabaka kuwa kilomita 300. Ujumbe wa kutoka Newala hadi Masasi, kilomita 58, utapanda na kushuka jumla ya kilomita zipatazo 603. Ule wa kwenda Dar es Salaam, kilomita 460 hivi kwa mstari mnyoofu, utasafiri kilomita zipatazo 756. Tofauti ya safari hizo kwa wakati ni nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa njia hii Masasi na Dar es Salaam ni majirani.

Lakini ionosfia ni mtoto wa jua, na hubadilika pamoja nalo. Mchana tabaka la chini hunyonya mawimbi ya megahezi 3.7, hivyo 7.1 ndiyo hufaa. Usiku tabaka hilo hutoweka na lile la juu hudhoofika: wimbi la 7.1 lililorushwa wima huweza kutoboa na kupotelea angani, nalo la 3.7 hushika zamu. Asiyejua jambo hili atadhani mtambo wake umeharibika jua linapotua, kumbe angebadilisha masafa tu.

Antena na betri

Antena iliyo rahisi kuliko zote ni waya wenye urefu wa nusu ya wimbi, uliokatwa katikati. Kwa kuwa umeme huenda polepole kidogo ndani ya waya, tunagawanya 142.5 kwa megahezi. Kwa masafa ya 7.1 tunapata mita 20 na sentimita 7, yaani mita 10 na kidogo kila upande. Vipande vya chupa ya plastiki vyaweza kutumika kuzuia umeme kwenye ncha. Waya huo ukifungwa kwenye mikorosho miwili, mita 5 au 6 kutoka ardhini, utalirusha wimbi juu kama tutakavyo. Kwa mawasiliano ya karibu hauhitaji mnara. Kuuinua sana kungelilaza wimbi na kulipeleka nchi za mbali, wakati shida yetu iko Masasi.

Tahadhari mbili hazina budi kutiliwa mkazo. Waya usipite kamwe juu au karibu na nyaya za umeme. Na ngurumo zikisikika, antena itolewe kwenye mtambo na kutupwa nje. Mfu hatumi ujumbe.

Betri nayo ina hesabu yake. Tuseme mtambo hula ampea 1 unaposikiliza na wastani wa ampea 10 unaporusha. Katika saa moja mwanaridhaa akizungumza dakika 6 na kusikiliza dakika 54, atatumia ampea-saa 1 na 0.9, jumla 1.9. Betri ya gari ya ampea-saa 60 haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, yaani 30. Basi itamfikisha saa 15 hivi. Angezungumza dakika 30 katika kila saa, angetumia ampea-saa 5.5, na betri ingekwisha kabla ya saa 6 kutimia. Ufupi wa maneno, basi, si adabu tu, ni umeme.

Ujumbe

Tumefika kwenye moyo wa mafunzo. Mwanafunzi mpya hupenda mtambo. Mwalimu mzoefu humfundisha ujumbe. Mtambo wa bei kubwa mikononi mwa mtu asiyefundishwa husambaza makosa haraka na mbali zaidi.

Kosa la kwanza ni la majina. Katika kusini yetu iko Mnyambe, kata ya Newala. Iko Nanyamba, upande wa Mtwara. Iko Nanyumbu, wilaya iliyo magharibi ya Masasi. Katika sauti iliyojaa mchakato wa radi, majina haya matatu ni jina moja. Gari la wagonjwa laweza kwenda mashariki wakati mgonjwa yuko magharibi. Kwa sababu hiyo jina la mahali hutajwa, hutamkwa herufi moja moja kwa alfabeti ya kimataifa, kisha hutajwa tena pamoja na wilaya yake. Anayepokea hairidhii kwa kusema "nimekusikia". Hulirudia jina lote, na mtumaji huthibitisha.

Kosa la pili ni la saa, nalo hutupata hasa sisi Waswahili. Saa 2 asubuhi kwetu ni 0800 katika maandishi ya Afrika Mashariki, na ni 0500 katika saa ya dunia, iitwayo UTC, inayotumiwa na marubani, mabaharia na wanaridhaa. Saa tatu, tukio moja. Nami sizungumzi kwa kusimuliwa. Nilipokuwa nasoma Uingereza, kaka yangu aliniandikia kwamba baba ataingizwa chumba cha upasuaji "kesho saa 2.00", na kwamba angependa kunisikia kabla. Miaka minne ya kuishi na saa za watu ilikuwa imenizoesha vibaya. Nikasoma saa nane mchana. Nilipopiga simu baba alikuwa amekwisha kuingia na kutoka. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sauti aliyoitaka hakuipata kwa wakati. Aliyeandika alikuwa Mswahili, na aliyesoma alikuwa Mswahili. Kosa lilikuwa la kutokuwa na utaratibu. Tangu siku hiyo sikubali mwanafunzi wangu aandike saa bila tarakimu nne na jina la saa inayotumika.

Kosa la tatu ni la maneno yaliyopotea njiani. Dawa yake ni kuyahesabu. Tazama ujumbe wa mganga wetu wa Chilangala:

Namba: 1
Uharaka: Dharura
Kutoka: Zahanati, Chilangala
Kwenda: Hospitali ya Wilaya, Newala
Saa: 0815 Afrika Mashariki (0515 UTC)
Maneno: 17
Mjamzito mmoja anatoka damu nyingi. Barabara imekatika mteremkoni. Leteni gari hadi upande wa Newala. Tutambeba kwa machela.

Anayepokea huandika, huhesabu, na akipata 16 hujua kwamba kuna neno halikufika. Huliuliza hilo tu, bila kurudia yote. Aone pia kwamba jina la mgonjwa halikutajwa. Kanuni za kimataifa haziruhusu wanaridhaa kuzungumza kwa mafumbo ya siri, na kila mwenye kipokezi husikia. Siri ya mgonjwa hulindwa kwa kutosema lisilohitajika.

Mwisho, vituo vikiwa vingi, kimoja huteuliwa kuwa kituo kikuu, na hakuna anayesema bila kuruhusiwa nacho, isipokuwa mwenye dharura. Ni utaratibu wa baraza la wazee: mwenye baraza ndiye atoaye nafasi, na mwenye kilio hapangi foleni.

Mpango wa mafunzo shuleni

Yafuatayo ni mapendekezo ya kozi ya majuma 12, saa 2 kila juma, inayoweza kuendeshwa na mwalimu wa fizikia akishirikiana na mwalimu wa lugha.

Juma la 1 hadi la 3: mawimbi, umeme na ionosfia. Vifaa ni redio ya kawaida yenye mawimbi mafupi, daftari na saa. Wanafunzi wasikilize kituo kimoja alfajiri, adhuhuri na usiku, waandike nguvu ya sauti, kisha wachore grafu.

Juma la 4 na la 5: antena. Wapime, wakate na watundike waya, kisha waunganishe na redio na kulinganisha.

Juma la 6: betri, paneli za jua, na usalama wa radi na umeme.

Juma la 7 hadi la 9: ujumbe. Hapa hakuhitajiwi mtambo wowote. Mwanafunzi asimame upande mmoja wa ukuta na mwenzake upande wa pili, darasa likipiga kelele mfano wa mchakato wa radi. Wapitishe ujumbe wa maneno 20 kupitia watu watano, kwanza kwa kusimulia, kisha kwa fomu, kurudia na kuhesabu. Tofauti watakayoiona itawafundisha kuliko hotuba.

Juma la 10 na la 11: mazoezi ya kituo kikuu na vituo vidogo, mbele ya mwanaridhaa mwenye leseni.

Juma la 12: zoezi la usiku, bila umeme wa gridi, kwa kushirikiana na kamati ya maafa ya kijiji na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu.

Mwalimu atambue kwamba kusikiliza kipindi cha redio ni jambo moja na kurusha mawimbi ni jingine. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, anayetaka kurusha hana budi kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mlango huo si wa kuruka. Ni wa kubisha hodi. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 uliziachia serikali uhuru wa kuamua kama mtahiniwa apimwe Morse au la, na kanuni za kimataifa zinazihimiza ziwawezeshe wanaridhaa kujiandaa kwa ajili ya maafa. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Kamati inayowajua wanaridhaa wake kabla ya masika ina hazina; inayowatafuta siku ya mafuriko imechelewa.

Hitimisho

Simu ya mkononi haitaondolewa na redio ya ridhaa, wala haipasi. Kwa siku 360 za mwaka simu inatosha. Tunachokizungumzia ni zile siku chache zilizobaki. Kwa siku hizo, waya wa mita 20, betri ya gari na mtambo mmoja vyaweza kuiunganisha Chilangala na Masasi, Mtwara au Dar es Salaam. Lakini vitu hivyo vitatu vyaweza kununuliwa kwa siku moja. Cha nne hakinunuliwi: kijana aliyezoea kusikiliza kabla ya kusema, kuandika saa kwa tarakimu nne, kurudia jina na kuhesabu maneno. Huyo hutengenezwa darasani, wakati mbingu ni nyeupe. Akiba ya namna hii haiozi.

Maswali ya kujipima

1. Tafuta urefu wa antena ya nusu wimbi kwa kilohezi 3,760.
2. Antena mbili zina kimo cha mita 9 na mita 16 kwenye nchi tambarare. Umbali mkubwa wa mstari mnyoofu ni kilomita ngapi?
3. Andika kwa tarakimu nne, kwa saa za Afrika Mashariki na kwa UTC: saa 11 jioni, saa 7 usiku. Je, tarehe hubadilika?
4. Betri ya ampea-saa 80, ikitumiwa nusu, itadumu saa ngapi kwa matumizi ya 1.9 kwa saa?
5. Daraja la kijiji chenu limechukuliwa na maji na watoto 30 wako ng'ambo ya shule. Andika ujumbe wa dharura usiozidi maneno 20, uuhesabu, kisha umpe mwenzako ausome kwa sauti mtu wa tatu auandike.

Majibu: (1) mita 37.9. (2) karibu kilomita 29. (3) 1700 na 1400. 0100 na 2200, na kwa UTC ni tarehe ya siku iliyotangulia. (4) saa 21. (5) Jibu ni sahihi ikiwa mtu wa tatu ameandika kile ulichokiandika wewe.